Tumbawe Ndani ya Kioo

Watu wa pwani yetu wamelijua tumbawe tangu zamani za kale, lakini wengi wao wamelijua kama jiwe. Kuta za Ngome ya Yesu huko Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ni za mawe ya matumbawe. Nyumba kuukuu za Lamu ni za mawe hayo hayo, yakashikamanishwa kwa chokaa. Na chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe juu ya kuni mpaka yakawa unga mweupe. Mwashi aliyachonga, mchoma chokaa aliyatia motoni, na nahodha aliyaogopa kwa kuwa yaliweza kupasua chombo chake usiku. Ni wachache waliosimama wakajiuliza: Je, kitu hiki kilikuwa nini kabla ya kuwa jiwe?

Insha hii yaeleza jinsi wanadamu walivyolijibu swali hilo, na jinsi walivyojifunza kulifuga tumbawe hai ndani ya tangi la kioo, mbali na bahari, likaishi, likazaa na kuzihifadhi rangi zake. Huenda msomaji akadhani kwamba huo ni mchezo tu wa watu wenye fedha na nafasi. Mchezo ulikuwapo, naam. Lakini kila tumbawe lililokufa ndani ya tangi liliacha swali nyuma yake, na kila jibu lililopatikana lilifunua siri moja ya bahari. Siri hizo zilichukua zaidi ya miaka 100 kufunuliwa, na ile iliyo kubwa kuliko zote yatuhusu sisi tunaoishi kando ya Bahari ya Hindi kuliko inavyowahusu wenye matangi.

Tuanze na jina. Kwa muda mrefu wataalamu wa Ulaya waliyahesabu matumbawe kuwa mimea. Mwaka 1706 mtaalamu wa Italia, Luigi Ferdinando Marsili, alitia tawi la marijani nyekundu katika chombo cha maji ya bahari, akaona vitu vidogo vyeupe vikichomoza na kufunguka juu yake. Akafurahi sana, akatangaza kwamba ameyaona maua ya marijani. Baadaye akatokea tabibu wa Marseille, Jean-André Peyssonnel, ambaye katika miaka ya 1720 alikwenda kuichunguza marijani katika pwani ya Afrika ya Kaskazini. Huyu aliyatazama maua yale kwa makini zaidi. Aliona kwamba yakiguswa hujikunja, na maji yakiwa shwari hukunjuka tena. Akasema: haya si maua, ni wanyama wadogo wenye mikono, na jiwe lile ni nyumba waliyoijenga wenyewe.

Wakubwa wa elimu huko Paris hawakumsadiki. Habari zake ziliposomwa mbele yao, jina lake lilifichwa, kwa kuwa ilionekana kwamba kulitaja kungemwaibisha. Ilipita miaka mingi kabla ya watu kukubali kwamba Peyssonnel alisema kweli. Basi msomaji na aikumbuke habari hii kila alionapo jambo jipya likichekwa: mtu aliyeketi kando ya maji akatazama alikuwa ameona zaidi kuliko waliokaa penye viti vya enzi vya elimu.

Kati ya jamaa nyingi za wanyama hao, tuchukue mmoja awe mfano wetu, naye ni tumbawe uyoga. Jina hili amepewa kwa sababu ya umbo lake, maana ni mviringo na bapa kama kofia ya uyoga. Ziko namna mbili. Namna ya kwanza huitwa Fungia na wataalamu, na hupatikana katika miamba ya Bahari ya Hindi, pamoja na hii ya kwetu. Ina mfupa wa jiwe, na ingawa yaweza kuwa pana kama sahani, ni mnyama mmoja tu mwenye kinywa kimoja. Inapokuwa changa hushikamana na mwamba. Ikisha kukua hujibandua, ikakaa huru juu ya mchanga na vifusi. Namna ya pili haina mfupa kabisa. Ni nyama tupu iliyojibandika juu ya jiwe, na kwa elimu kamili ni ndugu wa matumbawe ya mawe kuliko kuwa tumbawe lenyewe. Majina yake ya kitaalamu ni kama Discosoma, Rhodactis na Ricordea. Hii ya pili ndiyo ipendwayo na wenye matangi ya nyumbani, kwa kuwa ni vumilivu na rangi zake ni za ajabu: nyekundu, kijani, buluu, zambarau, na pengine madoa ya rangi mbili au tatu katika mwili mmoja.

Mtu wa kwanza ajulikanaye kulifuga tumbawe ndani ya nyumba kwa muda mrefu alikuwa mwanamke. Mwaka 1846 Bibi Anna Thynne, mke wa kasisi wa Kanisa Kuu la Westminster huko London, alikuwa katika mji wa Torquay, pwani ya kusini-magharibi ya Uingereza. Huko alipata matumbawe madogo ya bahari baridi, aina ya Caryophyllia, ambayo kila moja ni mnyama mmoja mwenye kikombe chake cha jiwe. Akatamani kuyachukua nyumbani yakiwa hai. Aliyashona kwa sindano na uzi juu ya sifongo kubwa ili yasigongane njiani, akayatia ndani ya mtungi wa maji ya bahari, akasafiri nayo mpaka London.

Kule mjini mashaka yakaanza. Mwanzoni Bibi Thynne aliagiza maji mapya ya bahari kutoka pwani, lakini hayakupatikana daima kwa wakati. Naye alikuwa ameng'amua kwamba maji yaliyotuama huharibika, na yaliyotikiswa hewani hudumu. Basi mtumishi wake akawa akiyamimina maji kutoka chombo kimoja hadi kingine, mbele ya dirisha lililo wazi, kwa muda wa nusu saa au zaidi, siku baada ya siku. Baadaye Bibi Thynne aliongeza mwani wa bahari ndani ya vyombo, na ule mwani ukafanya sehemu ya kazi ya mtumishi, maana mmea ukipata mwanga hutoa hewa ya oksijeni. Matumbawe yake yakaishi muda wa miaka 3 hivi, tena yakazaliana. Mwaka 1859 habari zake zilichapishwa katika jarida la elimu ya viumbe. Jina la mtumishi yule halitajwi sana katika historia, lakini mikono yake ilifanya kazi ya mawimbi. Hiyo ndiyo siri ya kwanza: tumbawe halitaki maji tu, lataka maji yanayotembea na kupumua.

Katika miaka hiyo hiyo mambo kadhaa yalikutana. Kodi ya kioo ilikuwa imefutwa Uingereza mwaka 1845, kwa hiyo kioo kikawa rahisi. Reli zilikuwa zimeufikisha umati wa watu wa mijini ufukoni. Mwaka 1850 mkemia Robert Warington alieleza jinsi samaki, konokono na mimea ya maji baridi inavyoweza kuishi pamoja katika chombo kimoja, kila mmoja akimfaa mwenzake. Mwaka 1853 nyumba ya samaki ilifunguliwa katika bustani ya wanyama ya London, na mwaka uliofuata mtaalamu Philip Henry Gosse alitoa kitabu kilichowafundisha watu kufuga viumbe vya bahari nyumbani. Gosse pia alieleza jinsi ya kuchanganya chumvi mbalimbali na maji baridi ili kupata maji yaliyokaribia yale ya bahari, hata mtu aliye mbali na pwani asihitaji kuagiza pipa kwa gari la moshi.

Kitabu hicho kiliwasha moto ambao mwandishi wake hakuutazamia. Watu walimiminika pwani na ndoo, patasi na nyundo, wakabandua kila kilicho hai penye miamba. Wengi hawakujua kufuga; viumbe vilikufa kwa juma moja, nao wakarudi kuchukua vingine. Bandu bandu huisha gogo. Mwanawe Gosse, Edmund, aliyekuwa akiandamana na baba yake ufukoni utotoni, aliandika mwaka 1907 kwa huzuni kwamba vidimbwi vile vya miamba, vilivyokuwa vimejaa uzuri tangu zamani, vilikuwa vimeporwa vikabaki vitupu, na kwamba baba yake alitambua kwa uchungu kuwa vitabu vyake vilichangia hasara hiyo. Mtu aweza kukipenda kitu mpaka akakimaliza, kama upendo wake hauna elimu wala mpaka.

Elimu iliendelea. Mwaka 1871 palifunguliwa matangi makubwa ya watu wote katika Crystal Palace, London, chini ya uongozi wa William Alford Lloyd. Yeye alijenga birika kubwa chini ya ardhi, penye giza na ubaridi, kubwa kuliko matangi yote ya maonyesho yakiwekwa pamoja, na pampu za mvuke zikawa zikiyazungusha maji kati ya birika na matangi usiku na mchana. Hapo siri ya pili ikaonekana: maji mengi hubadilika polepole kuliko maji machache. Bahari ni kubwa, kwa hiyo uchafu kidogo hauishtui. Tangi ni dogo, na samaki mmoja aliyeoza aweza kuua vyote vilivyomo.

Walakini, hata baada ya mafanikio hayo, matumbawe ya bahari za joto yalikataa kufugwa. Yaliletwa yakiwa na rangi, yakapauka, yakafa. Matumbawe ya Bibi Thynne yaliishi katika chumba cha mji wenye ukungu na moshi. Kwa nini haya, yaliyo ndugu zao, yasiishi?

Jibu lilikuwa limejificha ndani ya nyama yenyewe. Wataalamu waliokuwa na darubini walikuwa wameona chembe ndogo za rangi ya hudhurungi ndani ya miili ya baadhi ya wanyama wa bahari. Mwaka 1881 Mjerumani Karl Brandt alionyesha kwamba chembe hizo si sehemu ya mnyama, bali ni mwani mdogo mno aishiye ndani yake, akauita zuzantela. Matumbawe ya Bibi Thynne, yaliyotoka bahari baridi, hayana mwani huo. Ndiyo maana hayakujali giza la London. Matumbawe ya bahari za joto, pamoja na matumbawe uyoga, yanao kwa mamilioni, na mwani hauwezi kuishi pasipo mwanga.

Lakini mwani huo unafanya kazi gani? Mwaka 1928 kundi la wataalamu likiongozwa na Mwingereza C. M. Yonge lilikwenda kukaa mwaka mzima juu ya visiwa vidogo vya Low Isles, katika Mwamba Mkuu wa Australia. Waliyafungia matumbawe katika masanduku ya giza, wakaona kwamba mwani hutoweka na tumbawe hugeuka jeupe, ingawa laweza kuendelea kuishi likilishwa wadudu wadogo wa bahari. Kwa ajili hiyo Yonge alishikilia kwamba mwani haulilishi tumbawe, ila waliondolea taka tu. Hata bingwa hukosea. Mwaka 1958 Wamarekani Leonard Muscatine na Cadet Hand walitumia kaboni yenye mnururisho, inayoweza kufuatwa kila iendako, wakaonyesha kwamba chakula kinachotengenezwa na mwani kwa nguvu za mwanga huingia mwilini mwa mwenyeji wake. Majaribio yao yalifanywa juu ya mnyama mwingine wa jamaa hiyo, asiye na mfupa, na baadaye jambo hilo hilo likathibitishwa katika matumbawe.

Wahenga wetu walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwani ni mgeni aliyelishika jembe kwelikweli. Tumbawe humpa makao salama, na taka zake humfaa kama mbolea. Yeye hulima kwa jua, akamlipa mwenye nyumba sukari na vyakula vingine. Hiyo ndiyo siri ya tatu, tena ndiyo kubwa. Rangi ya tumbawe si pambo tupu. Ni ishara kwamba mgeni yumo ndani na kazi inaendelea.

Siri hiyo ilipoanza kueleweka, mafanikio yalifuatana. Mwaka 1956 Mfaransa René Catala alifungua jumba la matangi mjini Nouméa, katika Kaledonia Mpya, ambamo matumbawe hai yaliishi katika maji yaliyovutwa kutoka baharini. Yeye ndiye aliyewaonyesha watu kwamba matumbawe mengine, yakimulikwa gizani kwa mionzi ambayo macho yetu hayaioni, hung'aa kijani, manjano na nyekundu kama makaa. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta, Indonesia, alieleza katika jarida la wafugaji wa samaki njia yake iliyokuwa nyepesi kwa ajabu. Hakutumia mashine za kuchuja maji. Alitia ndani ya tangi maji ya bahari na mawe yaliyotoka mwambani yakiwa na viumbe vyake vyote, akaacha vipovu vya hewa viyachezeshe maji, na jua likaingia. Mawe yale hai yalikuwa yamejaa bakteria, nao hugeuza sumu itokayo katika taka za samaki ikawa kitu kisichodhuru sana. Bahari ilikuwa imeletwa pamoja na watumishi wake.

Katika miaka ya 1970 na 1980 wafugaji wa Ujerumani, ambao hawana jua la Jakarta, walitumia taa zenye nguvu badala ya jua. Walitengeneza pia vyombo vinavyochemsha povu ndani ya maji na kuikusanya, kwa sababu uchafu hunata katika povu kama tuonavyo ufukoni siku ya upepo. Na ili matumbawe ya mawe yapate kitu cha kujengea mifupa yao, waliongeza katika tangi maji ya chokaa. Hapo mwanafunzi wa pwani na atabasamu kidogo. Wazee wake walilichoma tumbawe wakapata chokaa ya kujengea nyumba za watu. Wafugaji hawa walilirudishia tumbawe chokaa lijenge nyumba yake.

Sasa twaweza kuzieleza kanuni za kufuga tumbawe uyoga, na msomaji ataona kwamba kila kanuni ni historia iliyofupishwa. Maji yake yawe na chumvi kama bahari ya wazi, yaani gramu 35 hivi katika kila kilo 1 ya maji. Maji yakipungua kwa kugeuka mvuke, chumvi haiondoki. Kwa hiyo huongezwa maji baridi safi, si ya chumvi, la sivyo tangi litazidi ukali siku hata siku. Joto liwe kati ya digrii 24 na 27 za Selsiasi, lisipande na kushuka kwa ghafula. Mwanga uwe wa kiasi. Mengi ya matumbawe uyoga hukaa pembezoni mwa mwamba na penye vivuli. Yakimulikwa mno hujikunja na kupauka, na yakikosa mwanga hujinyoosha kama mche uliopandwa chini ya kitanda. Maji yaende polepole, kwa kuwa mkondo mkali huyazuia kufunguka. Sehemu ya maji ibadilishwe mara kwa mara, kwa kidogo kidogo, ili kulifanyia tangi dogo kazi ya birika la Lloyd. Lakini maji yasiyo na chochote ndani yake nayo hayafai, maana mwani wataka mbolea kidogo. Tena mengine, hasa ya jamaa ya Rhodactis, huwachoma majirani, basi huachiwa nafasi yake.

Rangi zake hutoka mahali pawili. Hudhurungi ni ya mwani mgeni. Nyekundu, kijani na buluu hutoka katika protini ambazo tumbawe lenyewe hutengeneza, na baadhi ya protini hizo hupokea mwanga wa rangi moja zikatoa wa rangi nyingine. Ndiyo sababu tumbawe uyoga lililo chini ya taa ya buluu huonekana kama linawaka. Mfugaji akiona rangi inafifia, haulizi atalipaka nini. Huuliza ni kitu gani kimebadilika katika maji, joto au mwanga.

Kuzaa kwake nako ni kwa ajabu. Tumbawe uyoga huweza kutambaa polepole juu ya jiwe na kuacha nyuma kipande cha wayo wake, na kipande hicho hukua kikawa tumbawe kamili. Likikatwa kwa kisu kikali, vipande vyake huweza kupona na kukua. Kwa hiyo mfugaji mmoja aweza kuwagawia wenzake kumi pasipo mtu yeyote kuchukua hata moja kutoka baharini. Kosa la siku za Gosse limepata dawa, kwa yule atakaye kuitumia. Serikali za dunia nazo zimeweka mpaka: biashara ya matumbawe ya mawe kati ya nchi na nchi husimamiwa na mkataba uitwao CITES, uliotiwa sahihi mjini Washington mwaka 1973. Na katika hifadhi zetu za bahari za Malindi na Watamu, zilizowekwa mwaka 1968, hairuhusiwi kuondoa chochote.

Asije mtu akasema kwamba kufuga huko hakujawafaa wanadamu. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Urusi walikuwa wakitafuta protini zinazong'aa. Walizipata katika wanyama waliofugwa ndani ya matangi mjini Moscow, mji ulio mbali sana na mwamba wowote wa matumbawe; na ile nyekundu ilitoka katika tumbawe uyoga, aina ya Discosoma. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1999. Ndugu yake wa kijani, aliyetoka katika mnyama mwingine wa bahari, alikuwa amekwisha kujulikana, na mwaka 2008 Osamu Shimomura, Martin Chalfie na Roger Tsien walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi yao juu yake. Tsien na wenzake waliichukua ile nyekundu ya tumbawe uyoga wakaitengeneza vizuri zaidi. Kwa taa hizo ndogo waganga na wataalamu huweza kutazama ndani ya chembe hai, wakaona saratani ikienea au mshipa wa fahamu ukikua. Tumbawe la nyumbani limekuwa mwalimu wa hospitali.

Nilisema mwanzoni kwamba siri iliyo kubwa yatuhusu sisi. Mfugaji hujua kwamba maji yakizidi joto, tumbawe humtapika mgeni wake. Nyama hubaki wazi kama kioo, mfupa mweupe ukaonekana chini yake; likikaa hivyo muda mrefu hufa kwa njaa. Katika mwamba hutosha joto kuzidi kwa digrii 1 tu juu ya lile la miezi ya joto kali, likadumu kwa majuma kadhaa. Mwenye tangi huona dalili hizo, akapunguza joto siku hiyo hiyo. Mwaka 1998 bahari yetu ilipata joto la namna hiyo, na sehemu kubwa ya matumbawe hai ya pwani ya Kenya ikafa katika msimu mmoja. Kupauka kwa dunia nzima kukaja tena mwaka 2010, tena kati ya 2014 na 2017, na tena kuanzia mwaka 2023. Asili kubwa ya joto hilo ni gesi zitokazo katika kuchoma makaa ya mawe na mafuta, zinazoizunguka dunia kama blanketi, na bahari haina swichi ya kuzimwa.

Tena pana jambo la kuwaonya wanaopenda kuhukumu kwa macho. Katika baadhi ya miamba ya Tanzania iliyoharibika, matumbawe uyoga yasiyo na mfupa yameenea sana. Mpita njia ataona uhai na rangi, aseme mwamba ni mzima. Lakini matumbawe haya hayajengi jiwe. Pasipo wajenzi wa jiwe, mwamba humomonyoka. Samaki hukosa maficho, mvuvi hukosa kitoweo, na mawimbi hupata njia ya kuufikia ufuko. Kile kilicho fahari ya tangi chaweza kuwa dalili ya ugonjwa baharini.

Basi haya ndiyo mafunzo ya kioo. Bibi Thynne alihitaji mikono ya mtumishi kufanya kazi ya wimbi. Lloyd alihitaji birika na mvuke kufanya kazi ya kilindi. Wajerumani walihitaji taa kufanya kazi ya jua. Ukijumlisha gharama zote hizo, fedha na usiku wa kukesha, kwa ajili ya tangi lisilozidi ukubwa wa kabati, utaanza kukisia thamani ya mwamba ulioko nje ya Mombasa, Malindi na Lamu, ambao kazi zote hizo hufanyiwa bure. Wazee wetu walilijua tumbawe kama jiwe, wakajenga nalo nyumba zilizodumu karne nyingi. Kizazi hiki kimejaliwa kulijua kama kiumbe hai. Aliye na elimu hiyo hana tena udhuru wa kulitendea kama jiwe.